Injini Iliyokataa Kuzimika

Mwanangu Mwanaidi,

Salamu tutapeana kwa mdomo kesho, kwa hiyo naziruka. Naruka pia mambo ya sanduku, ya nauli, ya kutokula vya njiani na ya kumwamkia kila mkubwa utakayemkuta chuoni. Hayo mama yako amekwambia mara nne, na kabla hujalala atakwambia ya tano. Mimi nina neno moja tu, ila ni refu.

Nakuandikia nikiwa kwenye nyumba ya mashine. Leo Jumapili, korona, ile mashine ya kukwangulia mkonge, imesimama, hakuna majani yanayokwanguliwa, na injini imepoa mpaka nimeuegemeza mgongo wangu hapo. Nyumbani wamejaa shangazi zako wanaokupikia vya safari, nisingeweza kuandika hata mstari. Nia yangu ni kukupa barua hii kesho pale stendi ya Muheza, ukishapanda basi, uisome njiani, uimalize kabla hujampa mkono mjomba wako Athumani.

Unakwenda kukaa nyumbani kwake Dar es Salaam miaka yote ya kujifunza uuguzi. Amekutengea chumba, amekununulia kitanda. Katika barua yake ya mwisho ameandika: "Shemeji, mtoto wako ni wangu, maana bila wewe mimi leo ningekuwa kaburini." Na yule mwanawe wa mwisho, unajua amempa jina langu, Bakari. Barua zake huwa nazisoma mara moja tu, kisha nazikunja haraka kama mtu aliyefungua bahasha isiyo yake.

Sikumwokoa mjomba wako, Mwanaidi. Nataka ujue nilichomfanyia, kwa sababu unakwenda kula chakula chake.

Ulikuwa na miaka minane. Mimi nilikuwa mwendesha injini hii hii, na Athumani, kaka mkubwa wa mama yako, alikuwa mwenzangu wa zamu. Kwa umri alinizidi, kwa kazi nilimtangulia, wala hilo halikumsumbua. Alikuwa mtu mpole asiyeogopa kitu. Aliogelea mto Pangani pale kivukoni kwa kubishana tu, akarudi akauliza chakula kiko wapi.

Utanivumilia nikueleze kidogo habari ya injini, maana bila hiyo hutaelewa. Ndani yake pistoni hupanda na kushuka. Pistoni zimevikwa ringi, yaani pete za chuma, na kazi ya ringi ni kuzuia moto unaowaka juu usipenye kwenda chini. Ringi zikichakaa, moshi wa ule moto hupita pembeni ya pistoni ukashuka mpaka tumboni mwa injini, kule kunakokaa oili. Tumbo likijaa moshi lazima litoe, ndiyo maana wanaotengeneza injini huweka bomba fupi la kupumulia. Ringi zikiwa nzima, ukiweka kiganja juu ya bomba lile unasikia uvuguvugu tu. Mwaka ule ringi zetu zilikuwa zimekwisha, na bomba lilikuwa linahema.

Sisemi hivyo kwa kupamba. Lilitoa pumzi, likanyamaza kidogo, likatoa tena, nzito na ya unyevu, kama mgonjwa wa pumu aliyelazwa nyuma ya ukuta. Kila pumzi ilitoka na mvuke wa oili, mwembamba, wa rangi ya samawati, ukatua juu ya kila kitu. Kuta ziling'aa. Kofia yangu iliganda. Hata tukishaizima injini, bomba liliendelea kutoa moshi polepole kwa muda, na moshi ule haukupanda juu kama moshi mwingine. Ulitambaa chini chini kuelekea mlangoni.

Wanawake waliochukua katani mbichi kwenda kuianika waliacha kupita mbele ya nyumba ya mashine. Walizunguka kwa nyuma, kwenye miiba. Mzee Kombo, nyapara wa korona, aliniuliza siku moja, tena hakuwa anatania:

"Fundi, mmemfungia nani humo ndani?"

Watu wakaanza kuchanga kwa ajili ya kafara. Athumani alikataa kutoa. Aliwaambia mbele ya wote, "Chuma hakina roho. Hii ina ringi mbovu, basi." Kisha akanijia mimi pembeni. "Shemeji, mwambie meneja asimamishe kazi siku mbili. Tuifungue, tubadilishe ringi."

Nilimwambia nitasema. Sikusema. Meneja alikuwa anatafuta fundi mkuu wa kusimamia injini zote za shamba, na kazi hiyo ilikuja na nyumba ya saruji, paa la bati, kisima uani. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba injini yangu ni nzima na itamaliza msimu bila kusimama hata siku moja. Nyumba niliyoitaka ndiyo hii uliyokulia. Umejifunza kusoma kwenye baraza yake.

Kilichobaki ni kuunyamazisha ule mhemo. Nilikuwa nimewahi kumwona fundi mmoja wa bandarini Tanga akifanya kitu cha namna hiyo, nami nikatengeneza changu. Nilichukua kopo kubwa la rangi, nikalijaza nyavu za waya zilizosokotwa. Moshi uliingia ubavuni, ukapita katikati ya waya, matone ya oili yakanata kwenye waya na kudondoka chini, na hewa iliyobaki ikatokea juu. Chini niliweka bilula ndogo ya kumwagia oili iliyokusanyika. Na kwa juu nilifunga bomba, nikalipeleka mpaka kwenye mdomo wa injini wenyewe, pale inapovutia hewa, ili pumzi yake irudi ndani iungue humo humo, isionekane wala isisikike.

Wazo halikuwa baya. Nakwambia hivi si kwa kujitetea. Hata leo ningelifanya, ila kwa namna nyingine.

Athumani alilizunguka kopo akilitazama. "Na likijaa?"

"Halitajaa. Nitalimwaga kila asubuhi."

"Wewe au mimi?"

"Mimi. Usiliguse, hiyo kazi yangu."

Mhemo ulikoma siku ile ile. Watu waliingia kusikiliza, wakatoka wakinisifu. Ule ukimya ulinipendeza siku mbili. Siku ya tatu nilijikuta nimesimama katikati ya kelele za mkanda na korona, naitafuta ile pumzi kwa sikio, na kutoisikia kulinifanya nywele zinisimame. Mzee Kombo alisema, "Hajaondoka. Ameziba mdomo tu." Nilimcheka.

Nililimwaga kopo asubuhi tisa mfululizo, na kila asubuhi oili ilizidi ya jana, maana ringi zilikuwa zinazidi kuchakaa. Hilo nililiona. Kisha meneja akaniita nikaione nyumba, nichague chumba cha kuwekea vyombo vya kazi, nipime mlango. Asubuhi ya kumi sikulimwaga. Ya kumi na moja nilisema kesho. Ukiacha jambo mara mbili na lisitokee lolote, mara ya tatu huhitaji hata sababu.

Ilikuwa siku ya Alhamisi, kabla ya adhuhuri, jua kali. Nilikuwa ofisini kwa meneja. Alikuwa akiniambia kuwa kazi ni yangu. Nikasikia sauti ya injini inabadilika.

Injini ile tuliizoea kama tulivyozoea mapigo ya mioyo yetu, ilikwenda mwendo mmoja kutwa nzima. Sasa ilikuwa inapanda. Haikurukaruka kama injini yenye kasoro. Ilipanda sawasawa, taratibu, kama mtu anayeinuka kitini bila haraka. Meneja aliiweka kalamu chini. Nilitoka mbio.

Nje watu walikuwa wanakimbia kuja upande wangu, na hakuna aliyekuwa anasema neno. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, watu zaidi ya hamsini wanakimbia kimya. Moshi mzito wa samawati ulikuwa umefunika mlango. Niliingia. Mkanda mkubwa wa kuzungushia korona ulikuwa umeshakatika, na injini, kwa kuwa haikuvuta mzigo tena, ilizidi mwendo. Sakafu ilitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Ncha ya mkanda ilikuwa imempiga Athumani upande wa kushoto wa kichwa. Damu ilimtoka sikioni ikashuka shingoni. Alikuwa amesimama wima kando ya tangi, ameshika bomba la dizeli alilolifungua mwenyewe. Bilula ameifunga, bomba amelichomoa, ncha yake kavu. Alininyooshea nione.

Hakupiga kelele. Alinisogelea mpaka mdomo wake ukafika sikioni pangu, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia:

"Shemeji, dizeli nimeikata. Inakula nini?"

Niligeuka nikaliona kopo langu. Lilikuwa linatoa jasho la oili kila mahali, na bomba la juu, lile nililolipeleka kwenye mdomo wa hewa, lilitetemeka kama koo la mtu anayekunywa. Nikajua palepale. Kopo limejaa, waya zimezama, na injini inaivuta oili yake yenyewe kutoka tumboni, inaiunguza badala ya dizeli. Na kadiri inavyokwenda mbio ndivyo inavyozidi kuivuta. Ilikuwa inajila.

Jibu lilikuwa na maneno mawili. "Inakula oili." Yangetosha.

Nikamwambia, "Sijui."

Kuizima nilijua. Nilichukua magunia mawili yaliyolowa, nikayakandamiza kwenye mdomo wa hewa, na juu yake nikakandamiza ubao kwa kifua changu chote. Iliyavuta magunia kwa nguvu ambayo sijawahi kuihisi kwa mtu wala mnyama. Ikakohoa, ikapiga mateke mawili matatu, ikazimika. Athumani aliona haya yote. Aliniona mimi, shemeji yake, nikiingia kwenye moshi na kukiziba pumzi kitu kile kisichokula chochote. Na watu waliokuwa mlangoni waliona hivyo hivyo. Kabla ya alasiri habari ilikuwa imefika Kigombe kwamba Bakari amemziba pua shetani.

Meneja alikuja moshi ulipokwisha. Akauliza nani alikuwa zamu.

"Mimi," Athumani akasema, kitambaa sikioni.

"Ulifanya nini?"

"Nilikata dizeli. Ikaendelea kwenda."

Meneja alimwambia kuwa ni mwongo au amelewa. Athumani hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Kisha meneja akanigeukia mimi. "Fundi, injini inaweza kwenda bila mafuta?"

Nikajibu, "Haiwezi, bwana."

Neno lenyewe lilikuwa kweli, Mwanaidi. Nimejificha nyuma ya ukweli wake miaka tisa. Lakini nilimwona Athumani akinitazama niliposema, na nikaona kitu kikimtoka usoni. Alikuwa mtu aliyeamini chuma ni chuma. Alikuwa ameshika bomba kavu mkononi mwake. Na sasa mimi, niliyemjulisha mambo ya injini, nimesema haiwezekani. Angeweza kuamini kuwa nimedanganya. Hakuamini hivyo. Akabaki na jambo moja tu la kuamini, kwamba alichokiona hakikuwa cha mashine, nacho kilimjia yeye kwa kuwa alikataa kuchangia kafara.

Alifukuzwa kazi siku ile. Wote walipoondoka nilifungua bomba langu, na oili ikanimwagikia miguuni, nyeusi, ya moto. Nililibeba kopo ndani ya gunia mpaka kwenye mikoko, nikalizamisha kwenye tope kwa kulikanyaga. Lilitoa mapovu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Yaliyofuata mengine unayakumbuka. Mjomba alikaa kwetu wiki tatu, kichwa kimefungwa, hataki dirisha lifungwe hata mvua ikinyesha, kwa kuwa alisema anasikia inahema ukutani. Alikupenda wewe kuliko wote. Baada ya alasiri alikukalisha kando yake, akakuuliza, "Mwana, unasikia?" Ukamjibu, "Sisikii kitu, mjomba." Kila siku hivyo. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni, hamkuniona. Akakuuliza, na wewe ukamtazama uso ulivyomnyong'onyea, ukamwambia, "Nasikia."

Ulitaka kumfurahisha. Ulidhani ukisikia na wewe hatakuwa peke yake. Nilikiona kifua chake kikishuka, kama mtu aliyepata shahidi. Tangu siku hiyo hakuuliza tena mtu yeyote.

Ningeweza kuingia. Ningeweza kukaa mkekani nikamweleza kopo, waya na oili, kwa dakika kumi tu. Niliondoka mlangoni nikaenda kuteka maji. Sijui kama unalikumbuka neno lile. Kama umelibeba, litue. Ulikuwa na miaka minane, na mimi nilikuwa na thelathini na sita.

Kafara ilifanyika hapa, hapa nilipokaa. Walimleta mganga mmoja wa Moa, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Ubani ulifukizwa, mbuzi akachinjwa kizingitini, na mimi ndiye niliyeshika miguu ya mbuzi. Mjomba wako alikaa katikati, shuka jeupe mabegani. Mganga aliniomba nimwonyeshe ilikokuwa inahemea. Nikamwonyesha tundu. Hakulitazama tundu. Alinitazama mimi muda mrefu, kisha akasema polepole ili wengine wasisikie:

"Wenzako wote wameogopa. Wewe hujaogopa. Kwa nini?"

Nilicheka kidogo nikamwambia mimi ni fundi. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea na kazi yake, na alipoondoka hakunipa mkono. Nimeonana na watu wengi walionishuku kwa mengi, lakini hakuna aliyenitisha kama yule, kwa sababu ndiye peke yake aliyeona.

Athumani akahamia Dar es Salaam. Hajagusa mashine tena. Anashona magunia na maturubai kwa mkono, mtu aliyekuwa akiijua injini kwa kunusa moshi wake. Mkewe aliniambia alipokuja mazikoni kwa bibi yako kwamba mpaka leo analala dirisha wazi, akilalia sikio zima ili lile bovu liwe juu, na kwamba wakati mwingine huinuka akaenda kuweka kiganja ukutani.

Miaka miwili iliyopita mganga wa zahanati ya shamba, yule tabibu wa vidonge, alinieleza jambo nilipomuuliza kwa kuzunguka. Alisema sikio lililopigwa likapasuka ndani huvuma lenyewe. Mwenye nalo husikia upepo, au maji, au pumzi, na sauti hiyo haitoki nje. Wewe utafundishwa haya vizuri kuliko nilivyoyasikia mimi. Kwa hiyo hata sauti ile anayoisikia ina sababu yake, kama injini ilivyokuwa na sababu yake. Zote mbili nilizijua, na zote mbili nilinyamaza.

Utaniuliza nimefaidi nini. Nilipata kazi, nilipata nyumba. Ringi zilibadilishwa wiki ile ile, kwa siku mbili tu, na hakuna aliyeniuliza kwa nini hazikubadilishwa mapema. Injini haihemi tena. Bomba la kupumulia nimeliacha wazi, linapita kwenye kopo jipya linalodondoshea oili kwenye karai, kila mtu anayepita analiona limejaa au halijajaa. Anayekuja kujifunza kwangu namfundisha kuweka kipande cha karatasi juu ya tundu kila asubuhi, karatasi ikirushwa injini inasimama siku hiyo hiyo, hata meneja akigomba. Wananiona fundi mwenye hadhari. Wakishatoka naweka kiganja changu pale, na huwa nakiweka muda mrefu kuliko inavyohitajika, na mara nyingine naisikia ile sauti ya upole sikioni, inaniuliza inakula nini.

Nilikuwa nimefika hapo, mwanangu, na nilikuwa nimeanza kuandika jinsi ya kumwambia mjomba wako, umwambie wakati gani, uanzie wapi, mama yako akaingia.

Lazima nikueleze kwamba nilimwambia asubuhi, kabla ya kuja huku. Alikuwa anachagua mchele wako wa safari. Aliendelea kuchagua mpaka nikamaliza, hakuinua kichwa, na alipomaliza sinia lile akaanza kulichagua upya. Nikaja zangu. Tangu siku ya mkanda kukatika hajakanyaga nyumba hii ya mashine, hata chakula changu huwa anakiacha nje. Leo aliingia mpaka ndani.

"Lilikuwa wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha lilipokuwa kopo, bomba lilivyopita, na mdomo wa hewa. Aliweka mkono kila mahali nilipoonyesha, mmoja mmoja, kama anayepapasa mtoto mwenye homa.

"Na hapo ndipo kaka yangu aliposimama."

"Hapo."

Akasimama hapo. Kisha akaziona karatasi.

"Unaandika nini?"

"Namwandikia Mwanaidi. Ajue kabla hajafika."

"Ajue, kisha yeye ndiye amwambie Athumani."

Nikazigeuza karatasi kifudifudi.

"Mtoto huyu aliwahi kusemeshwa neno lisilokuwa lake, akiwa na miaka minane," akasema. "Nililisikia na mimi, nilikuwa jikoni. Nikadhani kweli anasikia, nikakaa na hofu hiyo mwaka mzima, kila akikohoa naamka. Hutamsemesha tena."

"Nifanye nini?"

"Hilo usiniulize mimi."

Akatoka. Tangu asubuhi hajaniita Baba Mwanaidi, wala sijui lini ataniita. Alipotoka nilikaa hapa mpaka jua likapita upande wa pili wa bati. Nimezichana karatasi mbili za mwisho, zile za kukufundisha useme nini. Nimetoka nikaenda kwa meneja nyumbani kwake, nikamwomba ruhusa ya siku sita. Aliuliza za nini. Nikamwambia naenda kumweleza mtu jinsi injini yake ilivyokwenda bila dizeli. Alinitazama, nadhani naye aliikumbuka siku ile, maana alianza kuuliza jambo akaacha. Nikirudi nitamweleza na yeye. Huenda nyumba tukaihama. Mama yako analijua hilo, nimemtumia neno, na amerudisha neno kwamba mizigo si mingi.

Kwa hiyo nabadilisha nilichokwambia mwanzo. Sitakupa barua hii stendi tukaagana. Nitakupa basi likishaondoka Muheza. Utakuwa umeshangaa kuniona nimepanda na mimi, na pengine umeniuliza, na mimi nimekujibu kwa mkato, kwa sababu najijua, ana kwa ana nitaanza kuzunguka. Hukupewa kazi yoyote kwenye barua hii. Ukifika kwa mjomba mwamkie, ingia ndani, wasaidie jikoni, ucheze na Bakari mdogo. Mimi na yeye tutakaa ukumbini, nami nitaanzia kwenye lile swali aliloniuliza.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunifukuza, na ana haki. Anaweza kukufukuza na wewe, na hapo utakuwa umeonewa kwa ajili yangu, nami sitakuwa na cha kukulipa. Au anaweza kuniambia nirudie tena, polepole, habari ya waya na oili, kama fundi anavyomuuliza fundi. Hilo ndilo ninaloliomba kwa Mungu.

Sasa umefika mwisho. Nimekaa kiti cha nyuma yako, upande wa dirisha. Usigeuke kwanza. Ukiwa tayari kunitazama, nitakuwepo.

Baba yako,
Bakari